Pikipiki ya Safari Ndefu na Haki ya Wasiokuwapo

Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke, wakazi wa Tanga, na mwaka huu tumetimiza miaka 26 ya ndoa. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Pangani. Wa pili amezaliwa Ujiji, na mama yake mzazi yungali hai huko, naye umri wake umekwisha kuvuka miaka 80. Kati ya Tanga na Ujiji pana zaidi ya kilomita 1,300 za barabara, na kando ya barabara hiyo Mwenyezi Mungu ametutawanyia ndugu: shangazi yuko Gairo, mdogo wetu wa kike yuko Dodoma, binamu wawili wako Itigi, na shemeji yuko Tabora.

Basi za kwenda huko zipo, na reli ilikwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914. Lakini basi halimsubiri abiria anywe uji kwa shangazi yake, wala treni haisimami kwa ajili ya binamu. Kwa miaka mingi ndugu hawa tumekuwa tukionana nao misibani tu, tukisalimiana kwa machozi na kuagana kabla hayajakauka. Mume alipostaafu kazi ya uafisa mifugo, na kiinua mgongo chake kikawa kimekwisha kugawanywa katika mahitaji ya nyumbani, lilibaki fungu dogo. Tukakubaliana kwamba fungu hilo litununulie pikipiki iliyotumika, imara ya kutosha kutubeba wawili na mizigo yetu, ili tuipite njia hiyo kwa hiari yetu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mama.

Mume ameendesha pikipiki kwa zaidi ya miaka 30, akiwafuata wafugaji porini. Mke, ambaye ni mwalimu, amekaa nyuma yake tangu siku za uchumba ulipokwisha kuhalalishwa. Kwa hiyo chombo chenyewe hakikuwa kigeni kwetu. Ugeni ulikuwa katika swali tuliloulizwa na binti yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi na huwapokea majeruhi wa bodaboda takriban kila zamu yake.

“Baba, Mama, naomba radhi,” alisema. “Sikatazi pikipiki. Ninachouliza ni hiki: nyote wawili, juu ya moja? Na huyu mdogo wetu ana miaka 11.”

Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki. Mtu anaponunua chombo cha safari, wanaokaa mezani kupatana ni muuzaji na mnunuzi; lakini wako wengine ambao hawapo pale, nao ndio watakaobeba matokeo. Yupo anayeketi nyuma bila breki wala usukani. Wapo watoto waliobaki nyumbani. Na kama tulivyokuja kuona baadaye, wako pia watu upande wa pili wa biashara, nao wana haki zao.

Baada ya mwezi mmoja tulikaa na watoto wetu tukaandika masharti. Hatutaendesha usiku. Hatutavuka kilomita 300 kwa siku moja. Mvua ikinyesha, tutasimama palipo na paa. Kofia ngumu ni kwa wote wawili, za kufunika uso mzima, zilizo mpya, kwa kuwa kofia iliyokwisha kuangukiwa haionyeshi ufa wake kwa nje. Wasia utaandikwa kabla ya kuondoka, na atatajwa atakayemlea mdogo. Binti yetu akaongeza sharti lake la kiuguzi: viatu vigumu vinavyofunika fundo la mguu, kwa sababu hapo ndipo anapoona mifupa mingi ikivunjika. La mwisho liliwekwa na mume mwenyewe: kwa kuwa anayekaa nyuma hana breki ya kukanyaga, yeye ndiye atakayekuwa na neno la mwisho juu ya chombo. Mke akiikataa pikipiki, imekataliwa, wala hataulizwa sababu mara mbili.

Tulianza kwa kujisomea. Pikipiki za safari ndefu zina koo zake. Upo ukoo wa zile kubwa za lami, ambazo Honda Gold Wing ndiyo mfano wake ujulikanao zaidi. Ilianza kuuzwa mwaka 1975, na baadaye ikakua hata ikawa na silinda sita, cc 1,832 na uzito uzidio kilo 350. Upo ukoo wa zile za lami na vumbi pamoja, uliopata jina kwa BMW R80G/S ya mwaka 1980, yenye silinda mbili zilizolala huku na huku na mtaimbo unaozungusha gurudumu mahali pa cheni. Na zipo za silinda moja, nyepesi na sahili, kama Yamaha XT500, ambayo Mfaransa Cyril Neveu aliiendesha akashinda mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, yaliyoanza Desemba 1978.

Tulisoma pia habari za Ted Simon, mwandishi wa Uingereza, aliyetoka kwao mwaka 1973 akaizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500, akaivuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, na kurudi mwaka 1977 akiwa amekwenda zaidi ya kilomita 100,000. Yeye hakuwa na mashine kubwa, na alifika. Hilo lilitupunguzia tamaa ya ukubwa.

Kisha tukaingia katika hesabu, ambayo twamsihi kila anayewaza safari ya namna hii aianze kabla ya kwenda kutazama rangi. Tulijipima kwenye mizani. Mume kilo 79, mke kilo 68, kofia na mavazi ya safari kilo 8, mizigo kilo 25: jumla kilo 180. Kila mtengenezaji huandika katika kitabu chake uzito ambao pikipiki inaruhusiwa kubeba, na uzito huo hujumlisha dereva, abiria na mizigo pamoja. Ukiupita, breki huchelewa kusimamisha, shokapu za nyuma hukaa chini, na taa ya mbele humulika miti mahali pa barabara. Boxer ya cc 150 ingefika Ujiji, maana wapo waliokwenda nayo mbali zaidi. Lakini ingefika ikihema. Penye hatari kubwa katika barabara ya Morogoro na Dodoma ni pale unapolipita lori. Pikipiki iliyolemewa humweka mtu upande wa kulia wa barabara kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Kwa hiyo tuliamua kutafuta injini ya cc 400 hadi 650.

Mafuta nayo tuliyapigia hesabu. Pikipiki ya kadiri hiyo ikibeba wawili hutumia yapata lita moja kwa kilomita 20. Tangi la lita 15 litakupeleka kilomita 300, lakini busara ni kulihesabu kuwa la kilomita 200, ili theluthi ibaki kuwa akiba katika msitu wa miombo uliopo kati ya Itigi na Tabora.

Jambo la tatu ni mavazi, nalo halijadiliwi vya kutosha katika jamii yetu. Baibui, mtandio na kanga vina heshima yake, lakini gurudumu la nyuma halijui heshima. Ncha ya nguo ikiingia kwenye cheni au kwenye spoku, humvuta aliyeivaa kabla dereva hajajua. Mke alimpelekea fundi cherehani kitambaa kizito, akashonewa suruali pana iliyobanwa vifundoni na koti refu linaloishia magotini, lenye vifungo vya nyuma vya kulizuia lisipepee. Mtandio ukawa mfupi, wa kuvaliwa chini ya kofia ngumu na kuchomekwa ndani ya koti. Sitara imetimia na hakuna kinachoning’inia. Na katika pikipiki yenyewe tulitaka mfuniko mpana wa cheni, kinga ya ekzosi upande wa mguu, na mahali imara pa kukanyagia abiria.

Tukiwa na karatasi hiyo mkononi, tukaanza kuzunguka pamoja na fundi wetu wa siku nyingi.

Ya kwanza tuliikuta Dar es Salaam. Ilikuwa ya lami hasa, ya silinda nne na cc 1,300, yenye kioo cha upepo, masanduku mawili na kiti ambacho mke alikisifu kwa dhati. Haikuwa na ubaya wowote. Ila ilikaribia kilo 300, na mume amekwisha kufika miaka 60. Ikilala kwenye mchanga nani ataiinua? Matairi yake yalikuwa ya kipimo ambacho hatukutarajia kukipata tukiwa Dodoma, seuze Kaliua. Fundi aliizunguka mara mbili, akasema, “Mzee, hii ni ya lami ya Uarabuni. Kuibadilisha plagi tu, kwanza nifungue plastiki nusu saa.” Tukashukuru tukaondoka.

Ya pili ilikuwa Arusha, cc 650, iliyotunzwa kama mkufu. Mwenyewe alikuwa msafiri wa kigeni aliyekatiza safari yake ya kuvuka bara. Bei ilikuwa ndogo mno, na namba zake zilikuwa za nchi ya mbali. Hapo ndipo palipokuwa na neno. Chombo cha namna hiyo aghalabu huingia kwa hati ya forodha inayokiruhusu kupita nchini bila ya kulipiwa ushuru, kwa ahadi kwamba kitatoka. Hakiwezi kuuzwa mpaka ushuru ulipwe na hati ifungwe kwa taratibu. Dalali alituambia, “Hayo mtamaliza mbele ya safari.” Tukamwambia kwamba sisi twapenda kuyamaliza nyuma ya safari.

Ya tatu ilituonyesha jinsi macho yanavyoweza kuzidi maneno. Mita yake ilisoma kilomita 14,000. Lakini mpira wa kukanyagia ulikuwa umelika hata kuwa laini, vishikio vya usukani vilikuwa vipara, na tundu la ufunguo lilikuwa limelegea kama la mlango wa bweni. Ubavuni mwa tairi kulikuwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za mwanzo zikiwa ni juma na mbili za mwisho mwaka; zilieleza kwamba tairi lile lilikuwa na miaka minane. Tuliahidiana saa moja asubuhi, tukafika saa moja kasorobo, na tulipoigusa injini tukaikuta ina moto. Mwenye kuiwasha pikipiki kabla ya mnunuzi kufika huenda ana sababu njema. Lakini injini baridi ndiyo isemayo kweli, kwa moshi wake wa kwanza na kelele zake za kwanza. Muuzaji akatupa na fursa ya kulipa kidogo kidogo kwa nyongeza ya riba. Mke alikuwa amekwisha kuchuchumaa penye shingo ya fremu. Tarakimu moja ya namba ya chesisi ilikuwa imekwanguliwa. Akasimama, akakung’uta mikono, akasema, “Hapana.” Kwa mujibu wa masharti yetu, hatukuulizana zaidi.

Ya nne tulielekezwa na mfanyakazi mwenzake mume wa zamani. Ilikuwa Morogoro, uani kwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mpima ardhi, aliyeizungukia nchi kwa pikipiki hiyo kwa miaka mingi. Alifariki kwa maradhi mwaka uliotangulia, akaacha watoto watatu, mkubwa ana miaka 17. Ilikuwa ya silinda moja, karibu cc 650, ya kupozwa kwa hewa, yenye kabureta. Kwa maneno mengine, mashine ambayo fundi wa Urambo mwenye spana za kawaida anaweza kuifungua. Ilikuwa imesimama kwa miezi saba chini ya turubai.

Kusimama nako ni ugonjwa. Petroli ilikuwa imechacha tangini na kuacha utando katika vitundu vidogo vya kabureta. Betri ilikuwa imekufa. Fundi aliomba ruhusa ya mwenye mali, akamwaga mafuta ya zamani, akamulika ndani ya tangi kutazama kutu, akasafisha kabureta, akatia plagi mpya na betri ya kuazima. Iliwaka mara ya nne. Ilitoa moshi mweupe kidogo, ukakoma. Moshi wa buluu usiokoma ungemaanisha oili inaungua kwa sababu ya ringi au vali. Mweusi ungemaanisha mafuta yanazidi. Hii haikuwa na lolote kati ya hayo. Kipimo cha umeme kilionyesha volti 14.1 injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, maana yake betri ilikuwa inachajiwa ipasavyo.

Kisha fundi akaendelea na zile hila za kale ambazo hazigharimu kitu. Aliinua gurudumu la mbele, akaugeuza usukani polepole huku na huku; uligota kidogo katikati, ishara ya beringi za shingo zilizolika. Aliivuta cheni kutoka nyuma ya sproketi, ikaachana na meno kwa zaidi ya nusu ya jino; na meno yenyewe yalikuwa yamepinda kama ndoana. Alipitisha kidole kwenye shokapu ya mbele ya kushoto, kikatoka na oili. Matairi yalikuwa magumu kwa uzee. Breki zilikuwa nzima. Fremu ilikuwa imenyooka, na namba ya chesisi na ya injini zilifanana na zile za kadi, herufi kwa herufi. Mita ilisoma kilomita 61,000, nasi tuliziamini kuliko zile 14,000, kwa sababu ya kitu alichokitoa mama yule ndani: daftari.

Marehemu alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko wa kupima ardhi. Oili imebadilishwa kila kilomita 3,000. Vali zimepimwa. Waya wa klachi umekatika mara mbili, tarehe hii na tarehe hii. Ameandika hata tahadhari kwamba injini ya namna hii huhifadhi oili ndani ya fremu, na kwamba kipimo chake hakiaminiki ila injini ikishapata moto, izimwe, isubiriwe kidogo, ndipo kipimo kichomolewe. Mama yule alisema dalali mmoja alimshauri alifiche daftari, kwa kuwa linataja ubovu. “Nikaona,” alisema, “mume wangu hakuliandika ili lifichwe.”

Mke aliketi nyuma, mume mbele, tukaenda nayo mpaka Mikese na kurudi. Tuliposhuka, mke aliitazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Tukauliza bei. Mama akataja shilingi milioni tano.

Ndugu msomaji, pikipiki mbili za namna hiyo hiyo, zilizokuwa na hali isiyozidi hii, tulikwisha kutajiwa milioni nane na nusu na milioni tisa. Matengenezo, kwa hesabu ya fundi, yalitaka shilingi laki tisa. Bei ya haki, tukiyatoa hayo na kuzingatia kusimama kwake, ilikuwa kama milioni saba. Tuliomba muda hadi kesho yake, tukaenda kulala nyumba ya wageni.

Usiku ule tulizungumza kwa muda mrefu. Fungu letu lote lilikuwa milioni nane na laki mbili. Kwa milioni tano, tungeitengeneza, tungenunua majaketi yenye kinga za viwiko na mgongo, masanduku ya mizigo na mafuta ya safari nzima, na tungeondoka Shawwal, mara baada ya Idi, kama tulivyomwahidi mama wa Ujiji, ambaye alikuwa akizihesabu siku. Kwa milioni saba, baada ya matengenezo tungebakiwa na laki tatu, na safari ingesogea mpaka Muharram, tuweke akiba upya. Kwa mtu wa miaka 40, miezi mitatu si kitu. Kwa bibi aliyevuka 80 ambaye mwaka jana alilazwa mara mbili, hakuna ajuaye.

Mume alisema, “Bei ameitaja mwenyewe. Hatukumshusha hata senti.”

Mke akasema, “Ametaja aliyoambiwa na dalali. Na si mali yake peke yake, wamo watoto watatu.”

“Na mama yako?”

Mke hakujibu. Baada ya swala ya alfajiri alipiga simu Ujiji, akaeleza yote bila ya kuficha, pamoja na ile miezi mitatu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kama ni mali ya yatima, chelewa, mwanangu. Mimi nipo.”

Tulirudi uani tukamwambia mama yule kwamba bei yake ni ndogo kuliko thamani. Hakufurahi, alishtuka. “Wanunuzi hushusha,” alisema, “ninyi mnapandisha. Kuna nini?” Hakuwa na kosa kutuogopa. Ilitubidi tuketi naye, tumwandikie hesabu yote kwenye karatasi, bei za zile mbili, gharama za cheni, beringi, sili na matairi, moja baada ya moja. Mwanawe wa miaka 17 alizisoma akazijumlisha kwa simu yake. Ndipo mama akatuma aitwe shemeji yake, aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi.

Na hili twalisisitiza kwa kila mnunuzi: mali ya marehemu haiuzwi na aliyeishika ufunguo tu, hata awe mjane mwenye haki kubwa kiasi gani. Mwulize msimamizi wa mirathi, ione barua ya mahakama, hakikisha warithi wanajua. Hati ya mauziano tuliiandika mbele ya wakili, ikatajwa namba ya chesisi na ya injini, na kasoro zote nne zikaorodheshwa ili pasiwe na lawama baadaye. Tulikagua kama kuna faini za barabarani zisizolipwa, na kabla ya kulipa fungu la mwisho tukaanza taratibu za kubadilisha umiliki katika Mamlaka ya Mapato. Bima nayo tuliikata kwa jina letu siku ileile.

Rafiki zetu wengine walitucheka. Mmoja alisema kwamba biashara haina huruma, na kwamba tumenunua pikipiki na sadaka kwa risiti moja. Hatuandiki haya ili tusifiwe. Sadaka hutolewa kwa hiari, na hii haikuwa sadaka. Ilikuwa ni bei.

Ile miezi mitatu haikuwa miepesi. Simu iliyolia usiku ilitushtua. Mara moja bibi alipata homa, na mke alikaa kitandani hadi asubuhi na simu mkononi, na mume hakuwa na neno la kumwambia. Wakati huo fundi alibadilisha beringi za shingo, sili za shokapu zote mbili, cheni pamoja na sproketi zake mbili, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani huharibika upesi, na matairi na mipira yake ya ndani. Wasia uliandikwa, ukasomwa mbele ya watoto wote. Mdogo wetu alilia kidogo uliposomwa, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuandika masharti. Sharti lake lilikuwa moja: simu kila jioni kabla ya magharibi.

Tuliondoka Muharram. Tulikwenda siku tano za mwendo na siku nne za kukaa kwa ndugu. Shangazi wa Gairo hakuamini mpaka alipozivua kofia zetu kwa mikono yake mwenyewe. Tulipata pancha moja baada ya Itigi, tukaiziba wenyewe kando ya barabara. Karibu na Urambo waya wa klachi ulikatika. Na kwa kuwa daftari lilikwisha kutuonya, waya wa akiba ulikuwamo chini ya kiti. Tuliubadilisha kwa nusu saa tukaendelea.

Mama tulimkuta hai. Alikuwa barazani, mgongo wake ukiegemea mto, na jambo la kwanza alilotaka ni kuonyeshwa mahali anapokaa binti yake. Aliketi pale, akashikilia vishikio, akasema panatosha.

Sasa daftari lile tunaliendeleza sisi. Chini ya mwandiko wa marehemu kuna mwandiko wa mume, na mahali pengine wa mke, ambaye ndiye anayetunza tarehe za oili. Tumeandika pancha ya Itigi na waya wa Urambo. Tumeandika pia kwamba shokapu ya nyuma imeanza kulegea na itatakiwa kubadilishwa kabla ya masika. Siku tutakapoiuza, daftari litatoka pamoja na kadi, na huyo atakayenunua atalisoma kwanza, ndipo tuzungumze bei.